Maswali Niliyatafsiri Mimi, Chuoni Anakwenda Kaka

Mhariri, jina langu lifiche, maana duka letu la nguo hapa Tarime kila mtu analijua. Nina miaka kumi na saba, binti wa Kihindi niliyezaliwa hapahapa. Nyumbani tunasema Kiurdu, dukani Kiswahili.

Mwaka huu alikuja mwalimu mmoja, mama wa Kizungu, na karatasi ya maswali ya kupima nguvu za moyo wa vijana: ujasiri, subira, kujiamini. Alitaka watoto wa Wahindi wenye maduka waulizwe kwa Kiurdu. Baba akasema kaka yangu ataifanya kazi hiyo ya kutafsiri kwa kuwa amesoma Nairobi. Kaka alikulia bweni huko, Kiurdu chake ni cha kuagizia chai. Kazi ikaja jikoni kwangu, nikaifanya huku nakanda unga.

Maneno hayakunitesa, yalinitesa maswali yenyewe. Moja liliuliza, "Je, unajivunia nafsi yako?" Mimi na kaka tulipolijaribu kwa wasichana, wote walijibu hapana, maana kwetu binti anayejisifu hana adabu. Mwalimu akawaandika kuwa ni dhaifu. Nikaweka jingine: "Nyumbani wanakutegemea kwa jambo gani?" Hapo walisema mpaka tukawanyamazisha. Mwalimu akafurahi, akampongeza kaka akidhani ndiye aliyelitunga. Kaka akazipokea pongezi bila hata haya.

Sasa mwalimu amemtafutia kaka nafasi katika chuo cha ualimu, wataondoka pamoja mwisho wa mwezi ujao. Mimi natafutiwa mchumba Mwanza. Nilipomwambia baba kwamba kazi ile ni yangu, alijibu, "Nani atamwoa msichana anayemuumbua kaka yake?" Mama akaendelea kuchambua mchele. Aliyenitetea ni Mama Bhoke wa Susuni, anayetuletea maziwa. "Wewe mtoto, nimekuona na macho yangu ukiandika. Mwambie huyo Mzungu. Ukinyamaza umekwisha." Lakini yeye halali nyumba hii.

Juzi nami nilipewa karatasi nijibu pamoja na wenzangu. Swali la mwisho liliuliza, "Nyumbani yupo anayekusikiliza?" Nikaandika ndiyo. Baba, ambaye Kiurdu anakisoma vizuri, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nina uchungu, wasomaji. Nimwambie mwalimu ukweli nikose wazazi, au nimeze niolewe? Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni humuhumu gazetini, msiogope. Baba hajui kusoma Kiswahili, mimi ndiye ninayemsomea.