Mama Alivyosoma kwa Sauti

Wiki iliyopita mjukuu wangu alisahau kitabu chake hapa kwangu Kasulu. Mimi, mwalimu mstaafu, vitabu vya vijana nilikuwa naviona uji wa wagonjwa, nikakifungua kungojea tu mvua ikatike. Ndugu yangu, nilikimaliza, na maharage yakaungua jikoni. Hakizungukizunguki. Binti wa miaka kumi na minne anasema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza, anataja kinachomuuma, anaendelea na safari. Vitabu vyetu vya wakubwa huagiza kiti kwanza, vikakohoa, ndipo viseme. Nilifurahi, kisha nikashikwa na hasira ambayo haijaisha mpaka sasa. Ni kwa sababu ya mama.

Tulikuwa Murungu, upande wa Kibondo, miaka ile ya sabini serikali ilipotutoa kwenye migomba yetu ikatupanga kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, ukipiga chafya jirani anaitikia. Alasiri, baada ya shamba, akina mama walikwenda kisomo, darasa la watu wazima. Walifundishwa kusoma, na walichopewa kusoma ni mbolea. Lundika majani, mwagia maji, geuza. Mama alilikariri lundo lile lote, na kila akifika mwisho aliniuliza kama hakuna kingine. Mtu kafunguliwa mlango, akakuta samadi.

Nikamletea kitabu cha hadithi kutoka kabati la shule yetu. Msichana wa humo alitolewa darasani aende kuolewa, na alisimulia mwenyewe. Mama alisoma kama wote wa kisomo walivyosoma: kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Mimi nilikaa ubavuni mwake nikipukuchua maharage, neno likimkwama namsaidia. Jiko zima lilinuka mawese na muhogo uliolowekwa. Mara nyingine alisita akanitazama.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, "huyu kanijulia wapi?"

Naye aliolewa akiwa na umri uleule.

Siku moja baba alirudi mapema na baba mdogo, wametokea kwenye pombe ya ndizi. Wakiwa uani wakasikia sauti ya mama.

"Hawakuniuliza. Walipokea mbuzi, wakanywa, wakanipeleka. Nimemlimia, nimemzalia sita, na yeye mpaka leo hajaniuliza."

Nyumba ya pili, jirani aliacha kutwanga.

Baba aliinama mlangoni. "Unamwambia nani hayo?"

"Ni kitabu, baba watoto. Nasoma."

Baba hakujua kusoma. Akanigeukia mimi. "Wewe wa shule. Yameandikwa humo?"

"Yameandikwa, baba."

Baba mdogo akacheka, akasema siku hizi wanawake wanafundishwa kutukana waume zao kwa kitabu. Baba hakucheka. Kesho yake alikibeba mpaka kwa mwalimu wa kisomo, naye akatazama picha ya jalada tu, akasema hiki cha watoto, mtu mzima hakimfai kitu, akakirudisha shuleni. Mama akarudi kwenye lundo lake. Mtihani alifaulu vizuri, akapewa cheti, kikatundikwa ukutani mpaka moshi ukakila. Mimi sikumwona tena na kitabu mkononi hadi tulipomzika.

Nyumba zile za kupangwa zilibomoka zamani, na watu wengi wakarudi kwenye migomba yao. Mwalimu yule wa kisomo simsamehe. Nina kinyongo naye kuliko hata baba, maana baba alau alisikia. Pengine baba alielewa pia, akaona afadhali kosa liwe la kitabu. Msichana wa kitabu kile hakuwa na mtoto hata mmoja. Na mimi niliyekaa ubavuni nilikuwa nakiona kidole cha mama. Kilisimama kwenye "Hawakuniuliza". Yaliyofuata yote yalikuwa yake.

Sasa hiki cha mjukuu wangu. Karibu na mwisho, mama wa yule binti naye anapewa nafasi ya kusema, na anasema hakuna aliyemuuliza. Kitabu cha watoto, ndugu yangu! Nilirudi kwenye ukurasa ule jana, nikaweka kidole chini ya kila neno, nikasoma kwa sauti, peke yangu chumbani. Yameandikwa kweli, mama. Yameandikwa, na wewe hupo.