Jezi Moja kwa Mapasa Wawili

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne, kama mtu wa umri huo bado anaitwa mtoto, nyumba yetu ya Kalemie haikujua kununua kitu kimoja. Mimi na Kyungu ni mapasa. Yeye alitangulia kuzaliwa, mimi Kabange nikafuata. Wazazi wetu walilima kule Moba, na sisi tulikaa na nkambo, mama yake mama, ili tusome. Nkambo akinunua kandambili, alinunua jozi mbili. Akimsifu Kyungu kwa ugali wake, alinitafutia na mimi sifa, hata kama sikugusa mwiko. Kwetu inasemwa kwamba pasa akinyimwa huumia moyoni, na moyo huo humdhuru mwenzake.

Mwaka ule mwalimu wetu wa michezo, mtu wa Lubumbashi tuliyemwita Prof, alianzisha timu ya wasichana ya rugbi, watu saba kila upande. Kyungu aliupenda ule mpira wa umbo la yai tangu siku ya kwanza. Mimi nilijiunga kwa sababu nilimfuata kila mahali. Mtu akija mbio kunikamata, nilifumba macho. Hata hivyo, mechi za mjini Prof alituchezesha wote wawili. Ya mwisho ya msimu ilichezwa nje ya mji, huko Kabimba, na hiyo alitaka kuishinda. Akampa Kyungu jezi, mimi akaniambia nibaki.

Nkambo alifunga kitenge chake cha misa akaenda shuleni, nami nyuma yake.

"Prof, miye sijui mupira wenu," alisema. "Lakini mapasa hawagawanywi. Ukimupatia mumoja, umupatie na mwenzake. Ao mumoja ataanguka."

"Mama, kuanguka njo rugbi yenyewe," Prof alijibu kwa adabu. "Kila mutu anaanguka."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Ningeulizwa, ningesema nimefurahi. Jumamosi ya mechi nilikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikala, nikalala mchana kutwa bila kuogopa magoti ya mtu.

Jioni lori lililoibeba timu lilirudi. Kyungu alikuwa amekaa mbele na dereva, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na timu imeshindwa.

Majirani hawakumlaumu Prof. Walinitazama mimi. Mama mmoja aliyekuja kutoa pole alisema waziwazi, nikiwa namwekea kiti, "Kabange alibaki na kasirani." Nkambo akaleta kikombe cha maji. Dawa yake ilijulikana: niseme hasira yangu imekwisha, kisha nichukue maji kinywani nimpulizie mwenzangu begani.

"Nkambo, sikukuwa na kasirani."

"Sema tu, mama. Dada yako njo anaumia."

Nilikataa. Nimekuwa mchawi ndani ya nyumba yetu wenyewe, halafu nikiri? Mimi ni mkaidi, na mume wangu atawaambia kwamba sijapona. Iliniuma zaidi kwamba Kyungu naye hakunitetea. Tulilala kitanda kimoja na hakunisemesha.

Siku moja baada ya shule, akiwa amelala kitandani, aliniuliza, "Ulikasirika kweli, nilipoenda bila weye?"

Nikaona hatimaye nimepata wa kunitetea. "Hata kidogo! Nilifurahi. Nilikula ndagala nikalala."

Aligeukia ukuta. Nilidhani bega linamsumbua. Kisha akasema, bado ananipa mgongo:

"Nilikuwa na mupira. Wakanikujia wawili. Nikageuka kushoto nikupatie, maana uko kushoto siku zote. Hakukuwa mutu. Njo wakanipiga, vile nilikuwa nakutafuta."

Niliona haya, kisha nikalia. Nilikwenda kuchota maji mwenyewe. Juu ya hasira sikusema neno, maana haikuwapo. Nilisema, "Kyungu, niko hapa," nikampulizia kinywa kizima begani. Maji yalikuwa ya baridi. Alinitukana, tukacheka, na nkambo mlangoni akajifanya hakuona kitu.

Bega lilipona kwa muda alioutaja daktari. Msimu uliofuata Prof alitupa jezi wote wawili bila kungoja nkambo aje, nami niliendelea kufumba macho.

Watu wakijua mimi ni pasa huniuliza kama naamini mambo hayo. Nasema sijui. Majirani walikosea juu ya hasira yangu, lakini nkambo hakukosea juu ya kuanguka. Utoto wote nilijihesabu kuwa mkia, yule asiyeweza kitu peke yake, na Kyungu kuwa mwenye nguvu za kututosha sisi wote. Katika rugbi mpira hautupwi mbele, unarudishwa kwa aliye nyuma yako. Kumbe dada yangu alithubutu kukimbia vile kwa sababu alijua nyuma yake nipo. Na Jumamosi ile, alipogeuka kunitafuta, mimi nilikuwa nimelala, tena usingizi mtamu.