Bibi Harusi Alisimama Getini

Nilienda Kajiado kuonyesha Kioko na Wanza kwamba bendi bado ni yangu. Ni mimi niliwaanzishia hii bendi ya jazz hapa Kitengela, na tarumbeta nilijifunza kwa kaseti. Wao wakaenda kusomea muziki Nairobi, wakarudi wanajua. Sasa nikipiga, Kioko anafunga macho kama mtu anaumwa na jino. Wiki hiyo Wanza aliniambia, "Bosi, hii harusi ikiharibika, tunatafuta kiongozi mwingine."

Asubuhi tulitoka Kitengela na pickup ya jirani. Wanza alikaa mbele. Mimi na Kioko tulikaa nyuma, tukitetemeka. Blanketi ilikuwa moja na ilifunika kinanda.

Isinya tulisimama chai. Kioko akatoa karatasi ya wimbo wa kuingiza bibi harusi. "Ikifika hapa mwisho, tunakata wote pamoja. Wewe piga noti nne tu."

"Nne? Na mimi ndio kiongozi?"

"Ndio maana si mbili."

Kajiado, uncle wa bwana harusi alitupokea kwa geti ya boma. Tuliinamisha vichwa atuguse, vile Wamaasai husalimia wazee, hata Kioko na afro yake. "Mpige muziki mpaka bibi harusi aingie," mzee akasema. Kioko akaitikia, lakini macho iko kwa karatasi.

Mchana bibi harusi akaletwa, anatembea polepole, macho chini. Kufika getini akasimama. Kwa Wamaasai hapo haingii mpaka aahidiwe ng'ombe. Karatasi haikujua hiyo. Ilipoisha Kioko akakata, safi kabisa, na boma yote ikanyamaza. Mbuzi ikalia. Mama mmoja akauliza kama msichana amekataa.

"Nani amezima?" mzee akasema.

Kioko alikuwa amekauka. Huyo mtoto akitukanwa ni na mimi, si mtu mwingine. Nikasimama mbele yake. "Ni mimi, mzee. Nilimwambia akate."

"Basi hao wabaki. Wewe enda ukae na ng'ombe."

Nikaenda. Kutoka kwa ng'ombe nikawasikia wakianza tena, Kioko anauzungusha wimbo, Wanza kwa kinanda anamngoja msichana. Ng'ombe wa kwanza akaahidiwa. Walipiga vizuri mpaka nikakasirika. Nikajua nimefutwa.

Halafu nikasikia noti yangu. Ile inanivunjikia nikipanda juu, ile Kioko hufungia macho. Aliipiga kwa saksafoni, mbovu vile vile. Akairudia.

"Hiyo ni nini?" mzee akauliza.

"Tunaita kiongozi wetu," Wanza akasema.

Nikatoka mbio na tarumbeta, mavi ya ng'ombe kwa viatu, nikapiga noti zangu nne. Ng'ombe wa pili akaahidiwa. Bibi harusi akaingia.

Jioni, njia ya kurudi, nilikuwa nimejifunza hivi: watu wako wakikushinda kupiga, kazi yako inabaki kusimama mbele yao wakifokewa. Nikauliza Kioko ile noti alifundishwa wapi.

"Hiyo haifundishwi, Bosi."

Nikavuta blanketi ya kinanda, nikatufunika wawili. Kinanda kikalala na baridi mpaka Kitengela.