Siku Mama Alipokataa Kutoa Hata Kijiko

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Elerai alichoma mabaki ya banda lake la zamani la nyasi, na kabla moto haujaisha mvua ikanyesha. Harufu ya majivu yaliyolowa ikaingia jikoni kwangu nikiwa nachambua maharage. Nilikaa pale kwa muda mrefu bila kugusa hata punje moja. Mjukuu wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka mama yangu.

Nilizaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kwenye tambarare za Engare Nanyuki, ambako asubuhi ukitoka nje unaona mlima upande mmoja na upande wa pili nchi iliyo wazi mpaka macho yachoke. Tulikuwa na ng'ombe, mahindi, maharage, kanisa la Kilutheri lenye paa la bati, na shule ya misheni yenye vyumba viwili. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa anatawala, na vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Serikali ikaamua kwamba nchi ile yetu wapewe walowezi wafugie ng'ombe wao, na sisi tuhamie King'ori, kule chini kwenye joto. Wazee walikataa. Waliandika barua, wakaenda bomani Arusha, wakarudi, wakaandika tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na barua zile zilinihusu kwa sababu moja tu: baba alinikopa kalamu yangu ya risasi na hakuirudisha.

Jumapili moja baada ya ibada watu wote walibaki kanisani, wanawake kwa wanaume, wakakubaliana jambo moja. Hatutapigana. Hatutamrushia mtu jiwe. Lakini hakuna atakayetoa kitu chake nyumbani kwa mkono wake, hata kijiko, maana atakayetoa kitu atakuwa amekubali kuhama. Anayetaka tuhame, na atutolee mwenyewe.

Watu wa serikali walipofika kwetu, baba hakuwepo. Yeye na wanaume wengine walikuwa wameitwa bomani tangu juzi yake. Mama aliyaona malori kwa mbali, vumbi lake likipanda. Hakukimbia huku na huku. Alifagia uwanja wote, akachochea moto chini ya chungu cha makande, akavaa gauni lake jeupe la kanisani, akamfunga mdogo wangu Yona mgongoni. Kisha akatutoa nje, akakaa juu ya gogo la kuni lililokuwa uani, mgongo umenyooka kama anayesubiri mahubiri yaanze.

Alikuja Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, Mzungu kijana mwenye shingo iliyoungua jua, pamoja na mkalimani wake, askari wanne na kundi la vibarua. Mkalimani alimwamkia mama kwa heshima, kisha akamweleza kwamba ana nafasi ya kutoa vitu vyake kabla nyumba haijabomolewa.

"Nimekusikia," mama alisema.

Wakasubiri. Mama naye akasubiri. Bwana Shauri alitazama saa yake. Kitu pekee kilichotoka ndani ya nyumba ile kwa hiari yake kilikuwa kuku mmoja mwekundu, na kwa miaka mingi baadaye tulibishana nyumbani kama kuku yule alivunja makubaliano ya kanisani.

Vibarua wakapanda juu wakaanza kung'oa nyasi za paa. Hapo ndipo nilipoikumbuka sleti yangu, kibao cha kuandikia shuleni. Mwalimu alinipa sleti ile kwa kuwa wa kwanza kusoma darasani, na baba alichonga jina langu, Ruthi, kwenye fremu yake ya mbao. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na kitanda. Sikufikiri. Nilipita chini ya mkono wa askari, nikaingia kwenye vumbi, nikaichukua na kutoka nayo nimeikumbatia kifuani.

"Ruthi," mama aliita. Sauti yake haikupanda. "Rudisha."

Nilisema ni yangu. Nikasema wataivunja. Nilianza kulia kilio kile cha kukata pumzi, na hata vibarua juu ya paa wakasimama. Bwana Shauri alisema maneno machache, na mkalimani akayageuza: "Bwana anasema mwache mtoto achukue kibao chake. Hakuna ubaya."

Mama hakumtazama Bwana. Alimtazama mkalimani, ambaye alikuwa mtu mweusi kama sisi na alikuwa anajifuta jasho.

"Mwambie namshukuru," alisema. "Lakini mtoto huyu hajahama. Nyumba hii ni yake, na kibao kinakaa ndani ya nyumba."

Mkalimani alichelewa kidogo kuyasema maneno yale. Alipoyasema, Bwana Shauri, aliyekuwa ameshika daftari tayari kuandika, alilifunga.

Nikarudi ndani. Jua lilikuwa tayari linaingia kupitia paa lililotoboka. Niliitundika sleti kwenye msumari wake, nikainyoosha isikae upande, nikatoka. Sikwenda kukaa karibu na mama.

Basi vibarua wakatoa kila kitu wao wenyewe: vitanda, ngozi, vibuyu, jembe, Biblia, sleti yangu. Kibarua mmoja alitoka na chungu cha makande, kinafuka mvuke, akasimama nacho hajui akiweke wapi.

"Mama, hiki tukimwage?"

"Kimeiva," mama alimjibu. "Mmekitoa ninyi. Kuleni."

Hawakula. Walikiweka chini taratibu kama watu waliobeba mtoto mchanga, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha nyumba ikachomwa moto. Jioni ikanyesha mvua, na ndiyo harufu ile niliyowaambia.

Vitu vyetu vilipakiwa kwenye lori vikapelekwa King'ori bila wenyewe, na hatukuviona tena. Sisi tulikataa kupanda. Tuliuzunguka mlima kwa miguu, pamoja na majirani zetu, siku mbili, mpaka Poli kwa mjomba wangu, kwenye migomba na kahawa, ambako baba alitukuta baadaye. Siku zote mbili sikumsemesha mama. Nilikuwa nimeamua kwamba hanipendi.

Miezi ikapita. Wazee wakaamua kumtuma mmoja wetu ng'ambo, akaseme mbele ya mataifa ya dunia yaliyotendeka kwetu. Mwinjilisti wetu, mzee Eliakimu, akazunguka nyumba hadi nyumba na daftari akiandika ushahidi, maana ilisemekana serikali inadai kwamba tulihama kwa hiari.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamgeukia mama. "Mama Ruthi, ulitoa nini nyumbani kwako?"

"Watoto wawili," mama alisema. "Na gauni nililovaa."

Aliandika. Kisha, nadhani kwa mzaha, akaniuliza na mimi. Mama aliinamia maharage aliyokuwa anachambua. Ningeweza kusema sikutoa kitu, na hakuna ambaye angenibishia.

"Nilitoa sleti," nilisema. "Halafu nikairudisha."

Mzee Eliakimu hakucheka. Aliandika polepole, akatusomea: "Mtoto Ruthi, miaka tisa, alitoa kibao chake cha kusomea, akakirudisha ndani kwa mkono wake mwenyewe." Sijui kama karatasi ile ilivuka bahari. Najua kwamba mjumbe wetu alivuka, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia, akasema kweli, na wakamsikiliza. Ardhi haikurudi mwaka ule. Lakini watu wa wilaya nyingine walianza kuja Poli kutuuliza tulifanyaje, na haukupita muda mrefu, maswali yao hayakuwa tena ya mashamba, yalikuwa ya uhuru wa nchi nzima.

Nilipokuwa mwalimu, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipothubutu kumuuliza mama kwa nini alikuwa mgumu vile. Nilimwambia picha niliyobaki nayo ni ya malkia aliyekaa juu ya gogo, hakuna wa kumtikisa.

Alinishangaa. "Malkia wa wapi? Niliposikia unalia miguu yangu iliisha nguvu. Ningesimama ningeanguka mbele yao, na Yona mgongoni."

Nimewasimulia wanafunzi wengi habari za uhuru wa nchi hii. Kila nilipofika mahali pa kutaja mashujaa, nilimtaja kwanza yeye, mwanamke aliyebaki amekaa kwa sababu hakuweza kusimama, na bado hawakuweza kumfanya atoe hata kijiko.