Tangazo Lililobandikwa Mahameni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ngara, Mpiga Chapa Mkuu alinikabidhi taipureta yenye herufi moja iliyolegea, akaniambia, "Binti, hapa hatuandiki barua. Tunaandika ushahidi." Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimetoka kwetu Murukulazo na cheti cha shule ya masista, vidole vinaruka bila macho kuvitazama, najiona sina mpinzani wilaya nzima. Ilinichukua miaka kumwelewa yule mama.

Ninyi mliozoea kufuta kosa kwa kubonyeza mara moja hamtajua stensili ilivyotutesa. Ilikuwa karatasi ya nta. Herufi huitoboa, kisha inavishwa kwenye mashine ya wino na kutoa nakala. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke huku bosi anakohoa mlangoni.

Kazi nyeti kuliko zote ilikuwa sheria ndogo, yaani ile inayotungwa na halmashauri kwa eneo lake tu: kila kaya ilime mihogo kiasi fulani, mifugo isiingizwe bonde fulani. Kabla haijaanza kutumika, ilipaswa kubandikwa pale wanapoishi watu itakaowabana. Mimi niliandika orodha ya mahali pa kubandika. Tarishi alikwenda na nyundo na misumari, na akirudi alijaza daftari la kupelekea hati: wapi, lini, nani ameona.

Baadaye nilihamishiwa ofisi nyingine, upande wa Biharamulo. Jina la ofisi naliweka kando, maana wengi wa wakati ule wametangulia mbele ya haki. Mkubwa wetu alikuwa Afisa Tawala, mtu mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri kuliko maneno yake. Tarishi wetu alikuwa Mzee Ruhuza, Mhangaza mwenzangu, aliyesema ukweli hata pale usipoulizwa.

Vita vilipoanza kule mpakani, lori la ofisi lilichukuliwa kubeba askari. Mzee Ruhuza akabaki na baiskeli. Ndipo ilipotoka sheria ndogo ya kukataza mifugo kwenye bonde lililotengwa kwa shamba la kijiji. Muda si mrefu mgambo wakakamata maksai wawili wa Mzee Lubala, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na kukaa mwendo wa asubuhi moja kutoka gulio la Nyakahura. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kwa watu wa kwake, maksai wawili ndio jembe, na jembe ndilo chakula cha mwaka mzima.

Alikuja ofisini na fimbo yake, akaisimamisha nje kwa heshima.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mimi sikatai shelia. Nauliza tu, hii ilibandikwa wapi? Kijijini kwetu hakuna aliyeiona."

Afisa Tawala akatoka chumbani kwake. "Ndugu, kama huridhiki nenda mahakamani. Lakini ukishindwa utalipa gharama zetu zote za kesi. Hao maksai hawatatosha."

"Na ukishindwa wewe?"

"Ofisi hii haishindwi."

Nami, kwa kiherehere changu, nikalifungua daftari ili nimwonyeshe mzee kwamba ofisi yetu ina utaratibu. Nikakuta mwandiko wa Mzee Ruhuza: *Nimebandika mlango wa ghala la zamani kama nilivyoagizwa. Watu hakuna, wamehamia kijiji kipya. Walioona: nyani watatu.*

Orodha ya mahali pa kubandika sheria ile niliinakili mimi kutoka jalada la kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimeipeleka sheria mahameni, mahali palipohamwa na watu.

"Soma, mwanangu," akasema Mzee Lubala.

Nikasoma. Yote, pamoja na nyani.

Jioni ile Afisa Tawala aliniita. "Daftari hilo limeloa mvua. Utalinakili jipya, na humo hamtakuwa na nyani."

"Halijaloa, Ndugu."

"Nchi iko vitani, na wewe unamsaidia mtu anayetaka kuishitaki ofisi ya umma?"

Niliogopa, sitawadanganya. Nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu shuleni, na mshahara ulikuwa mmoja. Lakini nilimkumbuka yule mama wa Ngara na neno lake la ushahidi. Nikalifungia daftari kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya wilaya. Mzee Lubala hakuwa na wakili. Alikuja na majirani wanne na chakula chao kwenye kikapu, kisha akaomba niitwe na daftari. Afisa Tawala alianza kwa kusema kwamba mdai si mzalendo.

"Mheshimiwa," Mzee Lubala akajibu taratibu, "dume langu kubwa nililitoa mwenyewe ili askari wapate kula. Hawa wawili sikuwatoa. Walichukuliwa."

Zamu yangu ilipofika nilisoma tena ule ukurasa. Kwenye nyani, mahakama nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Mzee Ruhuza peke yake hakucheka. Aliona ameandika kawaida tu.

"Orodha hii aliandika nani?" Hakimu akauliza.

"Mimi, Mheshimiwa. Kosa ni langu."

Afisa Tawala akainuka mbio. "Basi gharama za kesi alipe yeye! Halmashauri haikukosea. Aliyekosea ni mpiga chapa."

Nyumba ya mama yangu nilikuwa nimeshaiuza kichwani, na bati zake pia.

Hakimu alivua miwani. "Sheria ndogo hii aliitunga mpiga chapa?"

"Hapana."

"Mgambo aliwatuma yeye?"

"Hapana, lakini..."

"Mzee huyu alipokuja kuuliza, nani alimwambia ofisi haishindwi?"

Afisa Tawala akaketi. Hakimu akasema maneno ninayoyajua kwa moyo: halmashauri inayotunga sheria ndiyo inayobeba mzigo wa kuitetea, na ikishindwa, haiwezi kujificha nyuma ya kidole cha karani. Maksai warudishwe kabla jua halijazama. Gharama za kesi zilipwe na halmashauri: ada ya mahakama, nauli, na posho ya mashahidi wote.

"Mashahidi wako ni wangapi?" akamuuliza mzee.

"Wanne wa nyumbani, Mheshimiwa." Akanigeukia. "Na huyu binti. Naye alipoteza siku yake kwa ajili yangu."

Wakaniandika. Nilitoka nje nikalia kwa furaha, bila aibu, mbele za watu.

Kesho yake Afisa Tawala aliniwekea karatasi mezani bila kunitazama. Ilikuwa hati ya malipo. Niliichapa polepole, nakala tatu za kaboni, bila kosa hata moja. Jina la tano kwenye orodha ya mashahidi wanaolipwa na ofisi kwa kuishinda ofisi lilikuwa langu. Akatia sahihi. Tangu siku hiyo, kila sheria ndogo ilisomwa pia gulioni, Kiswahili kwanza, kisha Kisukuma na Kisubi, na daftari likawekewa safu ya majina ya watu walioisikia.

Nilistaafu nikiwa Mpiga Chapa Mkuu. Kwenye kuniaga waliniuliza ni kazi gani kubwa niliyowahi kufanya. Walitarajia niwataje wakubwa niliowahudumia. Niliwajibu kwamba ni ukurasa mmoja, wenye majina matano. Ile posho yangu nilimnunulia Mzee Ruhuza tairi jipya la baiskeli, na wiki iliyofuata aliiendesha hadi ghala lile la zamani, akaling'oa tangazo letu, akarudi akaandika daftarini: *Limebanduliwa. Nyani wamearifiwa.*