Aliyetoka Kwenye Asanseri

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, kabla ya saa tano asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikufa kwenye ghorofa ya nne ya kliniki moja ya mtaa wa Muhumba, na mimi nilikuwa kwenye ngazi. Watu wamelisema jambo hili kwa namna nyingi. Naandika lilivyokuwa.

Alikuwa amelazwa ghorofa ya chini siku kumi na moja, figo zimechoka. Mimi nililala sakafuni kando yake, kwenye godoro tulilotoa nyumbani Cimpunda. Mgonjwa wa kwetu haendi hospitali peke yake. Anafuatwa na sufuria, beseni, mfuko wa unga na ndugu. Asubuhi ile daktari alisema apandishwe juu upesi, kwenye mashine ya kupumulia. Nesi alimweka kwenye kiti cha magurudumu, chupa ya oksijeni nyuma yake, akamsukuma mpaka ndani ya asanseri, lifti ya pale. Tukabeba vitu vyetu, tukaingia naye.

Juu ya vitufe kulikuwa na kibao: watu wanane, kilo mia sita na thelathini. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alihesabu kwa kidole: nesi, yeye na mke wake, mama mkwe wangu, shangazi wawili, mdogo wa mwisho wa mume wangu, mimi. Wanane. Hakuna aliyemhesabu mgonjwa. Alikuwa amekaa katikati yetu, amefumba macho, na sote tulimsahau.

Kengele ikalia. Milango ikakataa kujifunga.

Mlinzi wa pale, mzee mwenye koti la mvua, akachungulia. "Muko wengi."

"Tuko munane, papa. Soma kibao yako," shemeji alisema.

"Na ule mufuko wa bunga? Na matela?" Alionyesha godoro letu.

"Matela haina roho."

"Roho haina kilo, muzee. Matela ndiyo iko na kilo."

Mdogo wao alicheka, akanyamaza haraka. Tukatoa unga, tukatoa godoro, tukatoa na beseni. Kengele bado inalia.

"Mutu mumoja atoke," mlinzi alisema. "Hii machine haijue ndugu."

Hakuna aliyesogea. Nesi alisema, "Jameni, mutoke, mugonjwa anachoka," lakini yeye hakuweza kutoka, ndiye aliyeshika chupa. Shangazi mmoja alitazama juu. Mke wa shemeji alijifanya anapanga blanketi. Najua walichowaza, kwa kuwa na mimi nilikiwaza. Kwetu, anayemwacha mgonjwa njiani atatajwa kwenye matanga. Watasema alikuwa na kitu moyoni. Wengine watasema zaidi ya hapo, kwamba alimroga. Kwa hiyo tulisimama tumebanana, kila mtu ameshika kiti kwa mkono mmoja, muda wa kusali fungu moja la rozari, labda zaidi.

Nikatoka mimi.

Ningependa kusema nilitoka kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba nilichoka. Kengele ilikuwa inaniingia kichwani, nilitaka inyamaze. Na nilifikiri: siku kumi na moja nimemshika mimi, basi na wao wamshike kidogo. Milango ikajifunga. Sikumwambia neno.

Nilipanda ngazi. Kwenye ghorofa ya pili nilikaa chini, nikavua sapatu, nikasugua miguu. Hakuna aliyenizuia kwenda. Nilikaa tu. Nilipofika ya nne, nilisikia sauti ya shangazi akilia kwenye korido, sikuhitaji kuuliza. Mume wangu alikuwa amekata roho mlangoni mwa chumba cha mashine, bado yuko kwenye kiti.

Daktari alituambia kwamba hata tungepanda mara moja, asingefika jioni. Labda. Sikumuuliza mara ya pili.

Siku ya kuondoa matanga, familia ilikaa sebuleni kwa shemeji. Alisubiri watu watulie, kisha akasema: "Mbele ya kuachana, kuko jambo. Mugonjwa alipanda, bibi yake akabakia chini. Tunataka kujua sababu."

Nilisema, "Nilichoka."

"Ulichoka na bwana yako?"

"Nilichoka mwili. Na kengele ilikuwa inalia."

Shangazi mmoja alipiga ulimi. Mwingine akasema, "Munasikia?"

Mama mkwe wangu alikuwa mkekani, mgongo ukutani. Tangu maziko alikuwa hajasema mengi. Alisema bila kuinua sauti: "Mimi ndiye nilikuwa karibu na mulango. Mulinzi aliniangalia mimi. Miguu ilitaka kutoka."

Shemeji akasema, "Mama, acha hayo."

"Niliogopa midomo yenu," akasema. "Mutoto wangu anatafuta hewa, mimi naogopa midomo yenu."

Shemeji alitazama mikono yake. Baadaye mama mkwe aliniambia bugali inapoa, nilete maji ya kunawa. Nilileta maji, nikaanza na yeye, nikawanawisha wote.