Mazoezi Yangu kwenye Uwanja wa Mnada

Mtu hatungi uongo wa kujivua nguo mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri, ningesema nilipambana, au nilikemea kwa jina la Mungu kitu kikakimbia. Haikuwa hivyo. Hili lilinipata mimi, huku huku Kharumwa, na wapo walioliona kwa macho ambao mpaka leo tukikutana njiani wanatazama pembeni.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nabeba wachimbaji wa dhahabu kwenda maduarani, kwenye mashimo yao, nabeba mifuko ya mawe kupeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Siku moja tukasikia kuna jambo linaandaliwa upande wa Geita: uwanja unafungwa, hakuna mbuzi wa kukatiza njia, hakuna malori, na kila mwenye pikipiki anaingia kuikimbiza mpaka roho iridhike. Mimi na rafiki yangu Masanja, fundi pikipiki, tukajiandikisha. Niamini, nilikuwa baba wa mapacha, lakini usingizi ulinipaa kama mtoto anayesubiri nguo ya Krismasi.

Masanja alinibadilishia breki, akakaza cheni, akaondoa vioo vya pembeni, taa akaziziba kwa selotepu ili zikivunjika vipande visimwagike uwanjani. Mimi nikaazima helmeti, koti la ngozi na mabuti. Mke wangu aliponiona nimevaa vyote akashika kiuno.

"Baba Kulwa, unakwenda vitani?"

"Nakwenda kujifunza kona," nikamjibu.

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Kwenye barabara iliyonyooka nilikuwa simba, lakini kona ikitokea mkono wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Nilijiona nikichekwa na Geita nzima.

Basi jioni moja nikaenda kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, jirani na kijiji cha wakwe zangu. Siku isiyo ya mnada pale hakuna mtu. Nikapanga mawe kuonyesha njia, nikaanza kuzunguka. Kila kona, breki. Narudia, breki. Jua lilikuwa linazama na mimi nimeshaanza kujitukana ndani ya helmeti.

"Mwangaluka."

Nikageuka. Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, na jua ndilo hilo linazama. Aliyenisalimia alikuwa mwanamume wa makamo, amesimama kando ya pikipiki nyeusi. Sikumsikia akija. Na unajua vumbi letu jekundu, halimbakizi mtu. Shati lake lilikuwa jeupe pee, viatu vinang'aa.

"Unaiogopa kona kwa sababu unaendesha chuma," akasema kwa upole. "Jaribu ya kwangu."

"Kaka, siijui pikipiki yako."

"Yenyewe inakujua."

Wewe ungefanya nini? Ungewasha yako ukaondoka, sivyo? Mimi nikamsogelea.

"Haipendi mzigo," akaniambia, akionyesha helmeti. Nikaivua. Akaonyesha koti, nikavua. Mabuti. Suruali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimtii. Wakati ule niliona ni kawaida, kama kuvua viatu mlangoni kwa watu. Nikabaki na bukta, nikapanda.

Haikuwa na ufunguo. Nilipofikiria tu kuondoka, ikaondoka. Mngurumo wake niliusikia kifuani kwangu, si chini ya miguu. Kona ya kwanza ikaja, sikugusa breki. Nililala nayo mpaka goti likapangusa mavumbi, nikainuka upande wa pili kama upepo. Sijawahi kuwa na furaha ile. Siku ya ndoa yangu sikuwa nayo, Mungu anisamehe. Nilizunguka mara kadhaa, kwa hesabu yangu dakika chache tu, na giza halikuwa hata limeingia vizuri.

Kisha nikasikia jina langu.

"Baba Kulwa! Baba Kulwa, simama!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu, ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita kwa kelele. Nikabana breki. Mkono ukabana hewa.

Hapakuwa na pikipiki nyeusi wala mwenye nayo. Kulikuwa kumekucha, jua limeshatoka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja kwa miguu yangu, na bukta, mikono imenyooshwa mbele kama nimeshika usukani. Mate yalikuwa yamenikauka kidevuni, na mngurumo ule, ndugu yangu, ulikuwa bado unatoka. Ulikuwa unatoka kinywani mwangu.

Wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani walisimama na ndoo zao. Mmoja akaanza kucheka.

"Asicheke mtu hapa," mama mkwe akasema. "Huyu amekimbizwa."

Umewahi kusikia watu wanaolimishwa usiku na wachawi, wakaamka hoi kitandani? Ndivyo alivyomaanisha. Akavua kanga ya mabegani, akanijia kinyumenyume ili asinitazame, akaninyooshea mkono kwa nyuma. Nikaipokea, nikajifunga. Ningeweza kuingia ardhini ningeingia.

Pikipiki yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha, kiti kimelowa umande, na nguo zangu zimelala chini nilipozivulia. Kwenye mavumbi zilikuwepo nyayo zangu tu, zimezunguka mawe mpaka zimechimba mfereji. Na jambo hili ndilo linalonitisha kuliko yote: watu wa kijiji walisema usiku kucha walisikia pikipiki ikizunguka uwanjani. Walijua ni mimi nafanya mazoezi.

Ngozi ya nyayo ilibanduka yote. Masanja alikwenda Geita peke yake. Kijiweni wenzangu wananingurumia nikipita, na wanangu nao shuleni wanangurumiwa. Mama mkwe hajakanyaga kwangu tena. Anatuma salamu kwa binti yake, nami nazipokea nikiwa nimeinamisha kichwa. Usiku mwingine mke wangu ananiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu usingizini nabadilisha gia.

Kwa hiyo nakusihi: mtu asiye na vumbi akikupa chombo chake ujaribu, usiulize kinakwendaje. Ondoka.

Nami nakwambia hivi nikijua nafsi yangu. Kuna jioni nimekwenda tena pale uwanjani, mke wangu akidhani nipo kazini. Nikasimama kwenye mawe yale nikingoja. Na wala sikungoja kwa hasira. Nilikuwa nimeshavua viatu.